Mnyororo Usikatike

Wazazi waliokuja kunisikiliza kanisani Kabati walikuwa wameshika simu zao kama watu wanavyopakata watoto kliniki. Kila mmoja alitaka yake ihudumiwe kwanza. Baba mmoja aliuliza kama kuna namna ya kuona ujumbe ambao kijana wake ameufuta. Mama mmoja alitaka nimwondolee kufuli ya alama ya kidole ambayo bintiye aliiweka, na simu yenyewe ilikuwa ya mama. Mzee wa kanisa, aliyefungua kikao kwa sala ndefu, aliniinamia na kuninong'oneza kwamba yake imekataa kushika redio tangu Krismasi, na kama nimesomea mambo haya nisiondoke kabla sijaiangalia.

Sikuwa nimesomea mambo haya. Nimeandika riwaya moja, na wakati huo nilikuwa Kibwezi nyumbani kwa mama, nikipambana na ya pili. Lakini dada yangu aliolewa Kabati, na huko ndiye katibu wa kina mama wa kanisa. Alinipigia akasema wazazi wanataka mtu wa kuzungumza nao kuhusu watoto na mitandao, baada ya ibada ya Jumapili. Nilimwambia atafute mwalimu wa kompyuta.

"Wewe unajua kusema," akanijibu. "Njoo useme."

Nikasoma wiki nzima, nikaenda, nikasema. Nilisema kwa zaidi ya saa moja, tena nilisema vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Katika maneno yote yale, mawili ndiyo niliyoyaona yakiandikwa. La kwanza: mtoto akidhalilishwa mtandaoni, usifute. Hifadhi hiyo picha au video katika simu yako, iwe ushahidi. La pili: usinyamaze. Aibu si ya mtoto, ni ya aliyemchafua. Waambie watu unaowaamini, usiubebe mzigo peke yako.

Dada alikuwa mstari wa mbele na daftari la mikutano juu ya magoti. Aliyaandika yote mawili na kuyapigia mstari. Hakuuliza swali hata moja. Tulipofika kwake alifunga mlango wa jikoni, akafuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, akaitoa simu. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameliketisha kanisa zima ili apate jibu bila kuuliza.

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde kumi na nane. Inaonyesha barabara ya vumbi inayopanda kutoka kwenye mto wao wa mchanga, ule ambao wakati wa kiangazi huchimbwa kwa mikono mpaka maji yachungulie. Punda ameketi katikati ya barabara na mitungi minne mgongoni. Mbele yake msichana aliyevaa sketi ya shule amepiga magoti. Ameyashika masikio ya punda, ameegemeza paji lake la uso kwenye paji la punda, na midomo yake inasonga. Anachosema hakisikiki. Aliyeirekodi aliifunika sauti yote kwa wimbo wa harusi, wimbo wa kina mama wanapomtoa bibi harusi kwao, na chini akaandika: *Bwana harusi amekataa kusimama.*

Nilicheka. Ni lazima niseme hivyo kabla ya kusema lingine lolote. Kicheko kilinitoka kwa sekunde mbili hivi, kisha nikaitambua ile sketi.

Alikuwa binti wa pili wa dada, gredi ya tisa, miaka kumi na minne. Kwa desturi yetu binti wa pili hupewa jina la nyanya upande wa mama, kwa hiyo ana jina la mama yetu, na dada humwita *mwaitu*, yaani mama yangu, hata anapomkaripia. Siku hiyo alikuwa nje anakoroga pumba za kuku, akiimba kwa sauti ya chini, na nilipotoka kumsalimu aliacha kuimba.

Darasani hakuna aliyempiga wala aliyemtukana. Aliniambia hivyo mwenyewe jioni ile, kama mtu anayewatetea. Waliimba tu. Akisimama kujibu swali, mtu wa nyuma angeuanza ule wimbo wa harusi puani, na mwingine angelia kama punda kwa sauti ndogo ambayo mwalimu hawezi kuielekezea kidole. Sokoni vijana wa bodaboda walimwita Bibi Harusi. "Bibi Harusi, bwana ameamka?" "Mahari walileta nyasi ngapi?" Asubuhi moja alikuta fungu la nyasi mbichi juu ya dawati lake, limefungwa kwa utepe mwekundu vizuri kabisa. Alisema utepe ndio uliomliza. Mtu alikuwa amekaa chini akaufunga.

Baba yake hufanya kazi Mombasa na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Alisema kwa simu kwamba avumilie, watapata kitu kingine cha kucheka. Mimi nikasema hatuvumilii kitu. Nilikuwa nimetoka kuhutubia, bado nilikuwa na joto la kushangiliwa.

Nikaanza na mtandao wenyewe. Niliifungua ile video, nikabonyeza mahali pa kulalamika, nikachagua sababu, nikaandika maelezo. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: wameichunguza na haikiuki kanuni zao. Nikalalamika tena, nikajibiwa vilevile. Nilivyozidi kuitazama ndivyo nilivyozidi kuwaelewa, na hilo lilinitia hofu. Haikuwa na uchi, damu wala tusi. Mtu aliye mbali, au mashine iliyo mbali, ilimwona msichana na punda na wimbo mzuri. Aliyeiweka alitumia picha ya mchezaji wa mpira na jina ambalo si la mtu.

Jumatatu mimi na dada tulienda shuleni. Mwalimu wa darasa alikuwa kijana mpole, akatupatia viti akabaki amesimama yeye. Alisema simu haziruhusiwi pale shuleni na hakuna mtoto mwenye nayo. Nikamwambia hawahitaji simu, wanaimba kwa midomo. Akasema ndiyo, amesikia wakiimba, lakini kila akigeuka wamenyamaza, na amwadhibu nani kwa wimbo wa harusi? Aliwahi kuwakemea darasa zima bila kumtaja msichana. Siku iliyofuata walilia kama punda yeye mwenyewe alipoingia. Alitueleza haya akiangalia viatu vyake.

Kutoka hapo tukaenda kwa chifu. Aliitazama video mara mbili, na mara ya pili nikaona shavu lake likicheza. Alituuliza tunamshtaki nani. Dada akasema, huyu wa mpira. Chifu akasema mambo ya mitandao yana watu wao, twende Kitui mjini, tubebe ushahidi. Tulienda. Tukaandikisha, tukapewa namba ya kumbukumbu kwenye karatasi, tukaambiwa tutapigiwa. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo ndani ya kitabu ninachosoma, na kila nikimaliza kitabu naihamishia kingine.

Kesho yake, tukichambua maharagwe, msichana akaja akasimama mbele yetu mikono nyuma kama anayesoma shairi shuleni.

"Nataka kwenda kwa Susu," akasema.

Susu ni nyanya. Dada akamuuliza kwa siku ngapi.

"Kuishi. Nisomee Kibwezi. Kule hawaijui."

Alikuwa amefikiria kila kitu. Muhula ulikuwa unakaribia kwisha, angeanza mwingine kule. Susu anazeeka na anahitaji mtu wa kumsaidia kuchuma bamia. Susu ana simu ya kabambe, ile ya vitufe, haiwezi kuonyesha video. Shule ya kule ina maji ya bomba kutoka kwenye chemchemi, kwa hiyo hakuna mtu anayekwenda mtoni na punda. Hili la mwisho alilisema haraka, akatutazama mmoja mmoja.

Dada aligeuza uso. Kumtoa mtoto aliye na jina la mama yako kwenye nyumba yako si jambo dogo kwetu. Lakini alikubali. Tukapanga kwamba nitangulie Kibwezi, nitafute nafasi shuleni, naye afuate shule zikifungwa. Wiki tatu. Siku nilipoondoka nilimwona amekwisha kupanga vitabu vyake kwenye sanduku la bati, ingawa bado alivihitaji. Dada aliniambia kwamba kila asubuhi alivitoa, kila jioni alivirudisha.

Sasa ni lazima nieleze kuhusu mnyororo, maana si watu wote wanaoujua. Katika kanisa letu mnyororo wa maombi ni wa zamani kuliko simu. Mtu akiwa na shida huwaambia dada wawili katika imani. Kila mmoja wao huomba, kisha huwaambia wawili wengine wa kusanyiko lingine, nao vivyo hivyo. Ukipokea ombi usikae nalo. Kukaa nalo ni kuukata mnyororo, na hakuna anayetaka mgonjwa wa mtu azidiwe kwa sababu yake. Nilipokuwa na miaka sita malaria ilinipanda kichwani. Mama husimulia jinsi wanawake asiowajua walivyofika kwa miguu kutoka ng'ambo ya vilima, na unga, na kuku mmoja, wakasema wamesikia kuna mtoto. Siwezi kuucheka mnyororo. Ni miongoni mwa vilivyoshikilia maisha yangu.

Nilikuwa Kibwezi wiki moja na nusu. Mwalimu mkuu wa shule ya karibu alikubali kumpokea, nikamtumia msichana ujumbe kupitia simu ya mamake, naye akajibu kwa neno moja, *Asante*, na vichoro vya moyo saba. Mchana ule binamu yangu anayefanya kazi Kiboko akanitumia video. Aliandika: *Huyu si mtoto wa dada yako? Tunasimama nanyi.*

Juu ya video kulikuwa na maneno. Niliyajua ni ya nani kabla sijamaliza mstari wa kwanza, kwa sababu dada huandika jinsi anavyoandika kumbukumbu za mikutano:

*Bwana asifiwe wapendwa. Naomba maombi kwa ajili ya binti yetu ambaye adui amemwinukia kupitia mtandao. Atahamia Kibwezi muhula ujao, tumwombee aanze vyema. Video ni hii hapa ili mjue mnaombea nini. Tukumbuke utaratibu wetu: ukipokea omba, kisha wapelekee ndugu wawili wa kusanyiko lingine. Mnyororo usikatike.*

Nilimpigia. Sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoisikia kwa wiki nyingi.

"Watu wanaomba mpaka Mwingi," akaniambia. "Jana kuna mama amenipigia kutoka Makindu, hata simjui. Amelia na mimi kwa simu."

Nikamuuliza kwa nini ameweka video.

"Si ulisema tuihifadhi?"

"Nilisema iwe ushahidi."

"Na si ulisema tusinyamaze?"

"Nilisema umwambie mtu unayemwamini."

"Ndio hao," akasema. "Kama siwaamini hao, nimwamini nani?"

Nilijaribu kumweleza taratibu, kwamba darasani walioiona ni arobaini, sokoni labda mia, na sasa imepita mikono ya watu wema ambao hawatakubali isimame. Nikasikia kuku nyuma yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ngoja niifute." Akakata.

Baada ya dakika chache akanipigia kusema ameifuta. Niliangalia kwenye simu ya jirani yetu, ambaye dada alikuwa amemtumia mwenyewe. Ilikuwepo. Dada aliulizwa na simu kama anataka kuifuta kwa wote au kwake tu, akahofia kugusa simu za watu wengine, akachagua kwake tu. Kwake ilikuwa imetoweka kabisa na hakuweza hata kuiita irudi ili aifute upya. Aliendelea kunieleza kwamba imeisha, haionekani tena, ameangalia mara tatu. Nilimwacha aseme.

Nilifanya jambo moja zaidi, na afadhali nisingelifanya. Nilimwendea mke wa mchungaji wa kanisa la mama pale Kibwezi, mwanamke mtaratibu ambaye hupenda watoto, nikamsihi kwamba msichana akifika mtu yeyote asimtajie habari hii. Alinishika bega. Aliniambia niende na amani, atalishughulikia. Jioni hiyo alirekodi ujumbe wa sauti akautuma kwa kina mama wote wa kanisa: kuna mtoto anakuja, mjukuu wa fulani, ndiye yule wa punda tuliyemwombea, tafadhali mtu asimwambie chochote. Waliokuwa hawajaiona video wakaulizia ni ipi.

Ningeweza kumwambia msichana asije. Nilikuwa na siku kumi za kumwambia. Kila siku niliandika sentensi ya kwanza ya ujumbe huo, mimi ambaye kazi yangu ni sentensi, na kila siku niliifuta, kwangu tu. Nilijipa moyo kwamba Kibwezi ni mji wa barabara kuu. Magari yanapita, watu wanapita, wanauza na kununua na kusahau.

Alifika Jumamosi mchana. Alikuwa amesuka nywele upya, na alikuwa amerefuka, au labda alisimama tu wima. Aliliburuta sanduku lake mpaka chumbani kwa Susu, akavua viatu, akamwagia miguu maji ya bomba pale uani. Akafungua bomba, akafunga, akafungua tena. Jioni alimwiga mwalimu wao wa hesabu mpaka mama yangu akashika mbavu. Nilikuwa sijasikia sauti yake ikipanda hivyo tangu akiwa mdogo. Nilikula kidogo siku hiyo.

Kesho yake tulienda kanisani. Ibada ilipita salama. Wimbo ulipoanza alipiga makofi. Nilianza kupumua. Ilipokwisha tukatoka kwenye mstari wa kusalimiana, ule ambao kwetu kila anayetoka huwashika mikono waliotangulia, wote, bila kumruka mtu. Huwezi kuukwepa mstari ule bila kutukana watu. Mke wa mchungaji alimshika mkono akatabasamu, hakusema kitu, alitimiza ahadi yake. Wa pili alimbana mkono muda mrefu kidogo. Wa tatu alitikisa kichwa kwa huzuni. Wa nne alikuwa mama mzee mwenye kitambaa cheupe, na yeye akaitwaa mikono yote miwili ya msichana akaiweka kifuani pake.

"Ndiwe yule mtoto wa punda," akasema. "Tumefunga siku tatu kwa ajili yako."

Hakukuwa na dhihaka katika sauti ile. Macho yake yalikuwa na maji. Msichana alisema, "Asante, Susu," kama alivyofunzwa, akaenda kwa anayefuata, na anayefuata, mpaka mwisho wa mstari. Nilikuwa nyuma yake na sikuuona uso wake. Niliiona shingo yake tu, na mistari ya nywele aliyosukwa kwa ajili ya siku hiyo.

Nyumbani aliketi nje ya jiko na beseni la bamia, akizichagua, zilizonyooka huku na zilizopinda kule. Nilichuchumaa kando yake.

"Anti," akasema bila kuinua kichwa, "ni nani aliwaambia?"

"Ni mimi."

Aliichunguza bamia moja pande zote. "Si wewe. Wewe hujui kuomba hivyo."

Akaendelea kuchagua. Baadaye kidogo akasema, "Ni mami," na hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima akakikuta mahali pake pa siku zote.

Mama yangu alikuwa amesikia. Katika watu wote waliohusika yeye peke yake alikuwa hajaiona hiyo video. Alikuja akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwambia mjukuu wake kwamba kila mtu kanisani anamhurumia kwa jambo ambalo yeye mwenye jina hajaonyeshwa. Nilianza kusema hapana haja. Msichana alininyooshea mkono. Nikampa simu yangu. Aliitafuta mwenyewe, hakuchukua muda, akamwekea nyanya yake mbele ya macho, na wimbo wa harusi ukalia pale uani petu.

Mama aliitazama mpaka mwisho. Akaomba arudishiwe. Akaisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Huyu hakugoma," akasema. "Hebu ona. Mitungi ya upande huu imeshuka, ile imepanda. Amelemewa upande mmoja. Ni nani aliyefunga mizigo hii?"

"Ni mimi, Susu."

"Umefunga vibaya."

Msichana alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko mpaka nilipomwona akijifuta macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na utelezi wa bamia. Nikamuuliza, hatimaye, kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekiuliza kwa wiki zote zile, si mwalimu, si chifu, si mamake, si mimi. Nilimuuliza alikuwa anamwambia nini punda.

"Nilikuwa namwambia mtungi mmoja nitabeba mimi."

"Ukabeba?"

"Nikabeba. Akaamka. Huyo wa kurekodi alikuwa ameshaenda."

Mara moja nilitaka ulimwengu ujue hilo. Nilitaka kuiandika, kuituma, iende Mwingi na Makindu na kila mahali ambapo ile nyingine imefika. Kisha nikaona uso wake, nikajua kwamba ningekuwa kiungo kingine tu. Nikalivuta beseni karibu, nikachagua bamia pamoja naye.

Shule ya Kibwezi hakuiona ndani. Jumatatu asubuhi alikuwa amevaa nguo za safari, sanduku limefungwa. Mama alimsihi. Alisema watu wa hapa ni wema. Msichana akasema anajua.

"Kule wananicheka, Susu. Hapa wananililia. Wakinicheka naweza kuwachukia."

Nilimrudisha mimi. Dada alitupokea barabarani, akataka kulibeba sanduku, akamwomba msamaha binti yake pale pale mbele ya watu kwa kumwita *mwaitu* mara nyingi mno. Msichana alisema haina neno. Waliingia nyumbani pamoja. Sijui kama walilizungumza. Ninachojua ni kwamba dada amejitoa kwenye mnyororo, na kina mama walipomuuliza sababu hakuwaambia, na sasa wanamwombea yeye.

Video ingalipo. Nikiifungua kuangalia kama imeondolewa, nami nahesabiwa kati ya walioitazama, namba inapanda kwa moja. Nimejizuia. Nikijizuia wiki mbili, ya tatu nafungua. Kutoka Kitui hakuna aliyepiga. Kanisa moja la upande wa Mutomo liliniomba nikazungumze na wazazi, wakasema wamesikia nilisema vizuri sana Kabati. Sijawajibu.

Nilipotaka kuyaandika haya nilirudi Kabati kumwomba ruhusa. Ilikuwa alasiri, alikuwa anakwenda mtoni, nikaenda naye. Alifikiri mpaka tukafika mchangani.

"Usiweke jina," akasema. "Langu wala la punda."

Nikaahidi. Tulichimba, tukasubiri, maji yakaja polepole kama kawaida yake, tukachota kwa kata mpaka mitungi minne ikajaa. Upande wa pili wa mto, juu ya ukingo, walikuwa wameketi vijana watatu na wasichana wawili waliovaa sare za shule yake. Walitutazama. Mmoja akauanza ule wimbo puani, taratibu, wengine wakaupokea. Nilisimama na mikono yangu miwili. Nilitafuta neno la kuwaambia na nikayaona yote niliyosema kanisani yakipita mbele yangu, yamepigiwa mstari, na hakuna hata moja lililofaa pale.

Msichana hakugeuka. Alikuwa anazungusha kamba tumboni mwa punda, akipima mitungi kwa kiganja, huu na huu, huu na ule, jinsi Susu alivyomwonyesha kule Kibwezi.

"Shika hapa, Anti," akasema. "Usiachilie mpaka nikwambie."

Nikashika.